Kurasa za Baba

Kila ninaponunua karanga pale Majengo, huzimwaga kiganjani kwanza, kisha naisoma karatasi. Leo nimekuta majibu ya mtihani wa mtu. Karatasi ilikuwa bado ya moto, na harufu ni ileile ya utotoni.

Baba alipofariki, mama alianza kuuza karanga mlangoni petu. Alizifunga kwa kurasa alizochana kwenye vitabu vya baba, vitabu ambavyo baba akiwa hai hakuwahi kumwazima mtu. Kila ukurasa alinipa kwanza. "Soma upesi, mwanangu." Hivyo ndivyo nilivyosoma kabati zima, hadithi zisizo na mwanzo wala mwisho.

Jioni moja, baridi ya mlimani imeshuka, rafiki yake baba alinunua. Alipoona mwandiko wa penseli pembeni mwa ukurasa, aliutambua kuwa ni wa baba. Akazimimina karanga mfukoni mwa koti, akaurudisha ukurasa kwa mikono miwili.

"Shemeji, huu baki nao."

Mama akanipa. Nikamsomea maneno ya baba: "Hapa nimecheka sana."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu mteja mwingine akapiga hodi. Mama akauchukua ukurasa mkononi mwangu, akaukunja, akautia karanga.