Konsati ya kwanza ya bendi ya baba, ilivyotoka chini ya mvua

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni. Wa rika langu, mambo.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Hata darasani (niko Form Three) mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nakaa nalo hivyo hivyo. Mambo yangu naandika kwenye diary, basi.

Ila hili limenizidi. Na sijaongeza chumvi. Kaseti iko hapa mezani, na wahusika wote wapo, mmoja yuko jikoni sasa hivi.

Nyumbani ni Kamachumu. Baba yangu, Ta Projest ("Ta" kwa Kihaya ni kama "Mzee"), analima kahawa na ndizi kama majirani wote. Ukimwona na gambuti zake na panga, huwezi kuamini kwamba ujanani alikuwa mpiga drum wa bendi ya rock.

Ndiyo, rock. Vijana wanne, magitaa mawili ya umeme, besi moja, na drum ambazo mojawapo iliwambwa ngozi ya mbuzi. Bendi iliitwa Radi.

Baba ana stori moja ambayo nimeisikia tangu sijaanza shule. Konsati yao ya kwanza, ukumbi wa parokia, Jumapili jioni, mvua inapiga bati vibaya sana. Katikati ya wimbo wa mwisho umeme ukakatika. Magitaa kimya.

"Mimi sikuacha!" baba husema hapo, huku anapiga mapaja. "Nilienda na drum peke yangu, ukumbi mzima ukanifuata kwa makofi, mpaka umeme ukarudi!"

Jirani yetu Ta Respi huwa anaisubiri hiyo sehemu.

"Waitu, mwakani utatuambia na ukumbi uliungua. Ushahidi uko wapi?"

"Upo," baba humjibu. "Ila umelowa."

Watu wanacheka. Ni kweli kaseti ilikuwepo. Shangazi Koku, mdogo wake baba ambaye tunaishi naye, siku hiyo alikaa benchi la mbele na redio kaseti mapajani, anarekodi. Waliporudi nyumbani kuisikiliza, walichosikia ni mvua tu. Bendi ilikuwa mbali huko nyuma, kama mtu anaosha sufuria kwa jirani. Hawakufika hata mwisho, wakaitupa kwenye sanduku, ikaishia hapo.

Niwaambie kidogo kuhusu shangazi. Wote husema nimefanana naye. Akimsalimia mgeni, anaangalia viatu vya mgeni.

Sasa Pasaka tulikuwa na wageni. Ta Respi akamtania baba mbele yao, akamwita bingwa wa hadithi. Baba alicheka na wenzake. Lakini niliona hakumaliza lubisi, pombe yake ya ndizi, akaingia ndani mapema. Iliniuma. Nikaenda kwenye sanduku.

Likizo ilipofika mama alinituma Bukoba kumpelekea binamu yangu Deo mkungu wa ndizi. Deo ana studio ndogo karibu na soko, anarekodi kwaya. Kaseti niliifunga kwenye kitenge ndani ya begi. Baba sikumwambia.

Deo aliifungua kwa bisibisi, akapuliza, akauhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Halafu akaiingiza kwenye kompyuta. Akatafuta mahali penye mvua tupu, akaifundisha kompyuta sauti ya ile mvua ili iipunguze pote.

Mara ya kwanza alipunguza sana. Watu wote wakasikika kama wanaimba ndani ya mtungi.

"Ukitaka usafi wa kupita kiasi unabaki na kwaya ya maroboti," akasema. Akarudisha mvua kidogo. Tukaendelea hivyo siku nzima, anapunguza, anarudisha, ananiuliza nasikia nini.

Kisha akanivalisha hedifoni.

Wakuu, walikuwa wazuri. Sisemi kwa sababu ni baba yangu. Gitaa moja lilikuwa limelegea nyuzi, lakini lilikimbia kama linafukuzwa. Drum ya baba mkono wa kushoto ulichelewa kidogo kwa makusudi, kama mtu anakuvuta shati ili ucheze. Karibu na kinasa sauti kulikuwa na mtoto anaomba karanga, na mzee analalamika kwa Kihaya kwamba hawa vijana wataangusha paa. Niliwaona wote.

Ukaja wimbo wa mwisho, ule ambao kiitikio chake ni "bado tupo, bado tupo". Umeme ukakatika. Redio ya shangazi ilikuwa ya betri, kwa hiyo ikaendelea kurekodi.

Magitaa yakanyamaza.

Na drum ikanyamaza.

Mvua tu. Mabenchi yanasukumwa. Mtu anasema, "Haya, twendeni."

Ndipo makofi yakaanza, karibu sana, kama yanapigwa sikioni mwangu. Mtu mmoja tu. Halafu sauti ya msichana, kali, haitetemeki: "Bado tupo, bado tupo!" Akaimba peke yake raundi mbili nzima. Wa pembeni yake wakaingia, halafu nyuma, halafu ukumbi wote. Hapo ndipo drum ikaja, inawafuata wao. Umeme uliporudi gitaa likaingia palepale, Deo mwenyewe akaruka kwenye kiti.

Mimi nilikuwa nalia. Sauti ile naijua. Ndiyo inayoniamsha kwenda shule.

Nikamwomba Deo akate pale drum inaponyamaza. Nilimwaza Ta Respi.

"Dogo," akasema, "kazi yangu ni kuondoa mvua. Kuondoa watu siwezi."

Jumapili baada ya misa tukakaa uani na spika ndogo ya Deo. Ta Respi alikuja mapema kabisa. Shangazi alikuwa mlangoni pa jikoni anamenya ndizi. Baba alisikiliza nyimbo zote macho yamefumbwa, vidole vinatembea magotini.

Drum iliponyamaza akafumbua macho.

"Ta Projest," Ta Respi akauliza, "drum imeenda kunywa chai?"

Makofi yakaanza. Ile sauti ikaanza. Baba akageuka taratibu kuelekea jikoni.

"Koku. Ni wewe?"

Shangazi hakuinua kichwa. "Mvua ilikuwa kubwa, kaka. Mngebebaje vyombo kwenye mvua ile?"

"Na miaka yote hii unanisikia najisifu, umenyamaza?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Nikadhani baba amekasirika. Kisha akaniambia, "Rudisha nyuma, mwana wange." Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Hatukuendelea mbele mpaka ndizi zikaiva.

Wiki hii amepata mgeni, akaianza stori yake. Mvua, umeme, magitaa kimya. Alipofika hapo akasema, "Na mimi nikaacha," kisha akaangalia jikoni. Shangazi akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga makofi. Aliyeitikia wa kwanza ni Ta Respi.

Nilichojifunza: kama kwenu kuna kaseti mnayoiita mbovu, msirekodi juu yake. Tafuteni fundi mwenye subira, na msikilize mtu aliyekuwa karibu kabisa na kinasa sauti, siyo wa jukwaani tu. Na nyie wapole wenzangu, msidhani mtu mpole hana sauti. Mimi nilidhani hivyo kuhusu shangazi, na kuhusu mimi mwenyewe pia.

Wenye kaseti za zamani za wazazi, tuambieni mlikuta nini humo. Wanaojua kusafisha sauti wanielekeze, Deo amekubali nianze kujifunza.

Nikichelewa kujibu ni aibu tu. Bado nipo.