Friza Niliyoiweka ya Kwanza

Mtu wa kwanza kuniandikia kwamba nimelipwa na kampuni ya friza nilimjibu kwa picha za risiti. Kumi na mbili, zote zina jina langu. Kila friza niliyoipima niliinunua mwenyewe dukani kama mteja mwingine yeyote. Nani mwingine anafanya hivyo? Mimi sikurithi hata kijiko. Nilikwenda ng'ambo na begi moja, nikasafisha vyoo vya hoteli huku nikisoma, nikapata diploma ya majokofu na viyoyozi, nikarudi Mwanza na kujenga Ilemela, juu ya mawe, nyumba ambayo wageni huipiga picha kabla ya kugonga geti. Mtu wa namna hiyo hanunuliki kwa friza.

Tovuti yangu ilipata wasomaji kwa sababu niliandika wazi: ipi inagandisha haraka, ipi inakula umeme, ipi mlango wake unavujisha baridi. Kila moja niliipima siku saba, kipimajoto ndani, daftari mkononi, kisha nikazipanga kwenye orodha, ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Lakini kila nilipotaja ya kwanza, walitokea walewale. "Mpiga debe huyo." "Kapewa bahasha." Niliwauliza jambo moja tu: ushahidi uko wapi? Hadi leo hakuna aliyeuleta. Ni rahisi kusema mtu kanunuliwa. Kukaa na kuangalia alivyopima ni kazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, anauza samaki Mkolani. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu. Alipotaka friza hakunipigia hata simu. Alimwonyesha muuzaji ukurasa wangu, akaweka kidole kwenye ile ya kwanza, akasema, "Hii. Kaandika mwanangu." Nilipohadithiwa nilitembea kifua mbele siku nzima.

Wiki ya sita ndipo aliponipigia. "Njoo uone."

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni la sato mbele yake. Fundi wa mtaani alikuwa ameinama nyuma ya friza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu mbinye huyo."

Nilimbinya sato. Kidole kiliingia.

"Labda mlango haukufungwa vizuri," nilisema.

Fundi aliinuka akicheka. "Bosi, mlango mzima kabisa. Njoo usome hapa." Alichomeka waya za mita yake kwenye soketi. Volti mia moja sitini na tano, badala ya mia mbili thelathini. "Na huu ni mchana. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, unashuka tena. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inajizima. Kwani uliipimia wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Kwako mita inasomaje?"

Nilijifanya naangalia waya. Kwangu nimefunga stabilaiza ya kusawazisha umeme wa nyumba nzima, na betri za sola zinazochukua nafasi umeme ukikatika kabla hata taa haijapepesa. Ndicho kitu cha kwanza ninachowaonyesha wageni. Friza kumi na mbili zilipita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyowahi kuonja umeme wa Mkolani.

"Msomi anakagua waya," fundi alisema.

Jirani wa shangazi, mama anayeuza barafu, ana friza niliyoiweka ya tisa. Niliandika kwamba ina kelele na sura ya kizamani. Shangazi alinishika mkono akanipeleka nikaione. Ilinguruma kama mashine ya kusaga, na barafu ndani yake ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa umeme uleule wa Mkolani.

Tulipokuwa tukirudi, shangazi alishusha sauti. "Walikulipa?"

"Hapana, shangazi. Haki ya Mungu."

"Hata kidogo? Sema tu, baba, sitakasirika."

"Hata kidogo."

"Ungekuwa umelipwa ningeelewa," alisema.

Nimelifikiria neno hilo kuliko matusi yote niliyowahi kuandikiwa. Waliosema nimelipwa walikosea, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini nilikuwa nalinda mfuko peke yake, kana kwamba upendeleo hauna njia nyingine ya kuingia. Wangu uliingia kupitia nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, na risiti zangu zote hazikuweza kuuonyesha. Watu wangapi wengine walionyoosha kidole kwenye ile ya kwanza? Sina namna ya kujua. Wasiopiga simu ndio wanaoninyima raha.

Nilibadilisha orodha, nikaeleza sababu, sikujificha. Ndani ya saa moja mmoja wa wale wa bahasha aliandika, "Sasa kahongwa na kampuni ya ile yenye kelele." Sikumjibu.

Jumapili nilirudi Mkolani kumwomba shangazi ruhusa ya kupimia friza kwake, kwenye umeme wake, moja baada ya nyingine.

"Na watakaokuwa ndani ni samaki wa nani?" aliuliza.

"Nitanunua."

"Kwangu?"

"Kwako, shangazi."

Aliendelea kupara magamba. "Wakioza, wewe ndiye utakayewala?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimamisha kisu, akaniangalia, akisubiri jibu.