Siku Nilipomtaja Kibet

Juzi walikuwa wakiweka lami barabara ya kwetu, huku Kapkatet, na ile harufu ikanikamata nikasimama pale pale, watu wakinipita. Kugo, babu yangu, alikuwa akisema meli ya wanajeshi ilinuka hivyo: lami, jasho, na matapishi ya vijana ambao hawakuwa wameona maji mengi kuliko ya mto.

Waliingia jeshi baada ya ile Vita Kuu ya Pili kwisha, yeye na rafiki yake Kibet, wakapakiwa Mombasa kwenda Misri kulinda stoo za Wazungu. Alinisimulia safari hiyo tukichuma majani chai, mimi nikiwa na miaka minane na maswali yasiyokwisha. Walilala chini kabisa ya meli. Kugo alimtapikia sajini viatu, na kabla hajakaripiwa, sajini naye akamtapikia yeye. Nilicheka hadi nikamwaga majani. Aliposema walipita Bahari ya Shamu, nikamuuliza kama aliona magari ya Farao.

"Niliona maji tu," akasema. Halafu akaniambia, mikono ikiendelea kuchuma, kwamba Kibet alishikwa na homa humo baharini akafa. Wakamshonea ndani ya turubai, wakamtupa majini. Kugo mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa miguu. Akaniomba nisimwambie mtu, nami nikakubali. Wee, mimi na siri!

Sasa, Kibet alikuwa na mama, jirani yetu, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani nyanya. Barua ya jeshi ilimfikia, lakini hakujua kusoma, akaitunza mpaka Kugo aliporudi amsomee. Kugo akaishika, akamtazama yule mama, akasoma maneno ambayo hayakuwamo: Kibet amepata kazi huko Misri, atakuja. Basi Gogo akangoja. Mimi nilizaliwa nikamkuta akingoja. Gari likipunguza mwendo pale njiani, alikuwa anatoka kuangalia.

Asubuhi moja mke wa mwana mdogo wa Gogo alijifungua, na mama yangu akanituma huko na kibuyu cha maziwa. Nikapata wanawake wamemzunguka mtoto, wakiita majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine. Kwetu, mtoto akipiga chafya jina likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Walikuwa wameita wazee wote, ugoro wamemnusisha, na mtoto alikuwa kimya tu. Nikaona wanajisumbua bure.

"Mbona hamjamwita Kibet?"

"Nyamaza, wewe! Hapa wanaitwa wafu," shangazi akanifokea.

"Si alikufa kwa meli? Kugo ndiye alimshika miguu."

Mungu anisamehe, nilidhani ninasaidia. Gogo hata hakunitazama. Alichukua ugoro kidogo kwa ncha ya kidole, akamsogezea mtoto puani, akalitaja jina la mwanawe kwa sauti ya chini. Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Gogo alimwinua mtoto, akasema, "Umekawia sana, mwanangu," kisha akalia kilio ambacho sijasikia tena mpaka leo. Mimi nilichapwa vizuri.

Adhuhuri Kugo alienda kwa Gogo, mimi nikimfuata nyuma. Alivua kofia akasimama mlangoni, mzee mzima. Nilingoja Gogo amtukane. Yeye akamuuliza jambo moja tu.

"Alipokuwa anakufa, alisema nini?"

"Alikuita wewe, mama. Usiku wote."

Gogo akatikisa kichwa polepole. "Na wewe ukakaa na sauti ya mwanangu miaka hii yote."

Kugo akavaa kofia yake. Tulirudi nyumbani, na hakunigombeza hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko fimbo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwenye makosa nilikuwa mimi na mdomo wangu, kwamba nilimwulia yule mama mtoto. Sasa nimezaa, na mmoja nimemzika, na kaburi lake nalipalilia kwa mikono yangu. Kugo nilimpenda, na bado nampenda. Lakini aliogopa kumwona mama akilia, akauita woga wake huruma, na kwa miaka ile yote mwanamke huyo akatoka kuangalia magari wakati alipaswa kuwa analia.