Mama Mkubwa Mwenye Mafua

Mwanamke mmoja ana dada mkubwa ambaye ni mtafiti wa vijidudu vinavyoishi mwilini mwa binadamu, na kukaa naye mezani ni kazi. Akikuona unapiga miayo tu, mkono unaingia mkobani kutafuta kijiti cha pamba. "Fungua kinywa kidogo, mpenzi," husema kwa sauti ya kubembeleza, na kabla hujakataa, mate yako yamo kichupani. Mashemeji wote wameshapanguswa makwapa. Vijidudu anaviita wapangaji, na huwatetea kama jamaa zake: wengi hawana neno, wakorofi ni wachache.

Basi mdogo wake alipojifungua mtoto aliyesubiriwa kwa miaka, alijua dada atakuwa wa kwanza kumbeba. Dada akaja, lakini akasimama nje ya dirisha, pua imeziba.

"Ingia, mama mkubwa," mdogo wake akamwita.

"Nina mafua. Hawa wa leo siwaamini."

Mdogo wake akacheka, akamsogeza mtoto hadi kiooni. Mtafiti akaweka kiganja upande wake, akamtazama mtoto. Kisha akatoa leso, akakifuta kioo chote, akarudi nyuma kidogo na kuendelea kutazama.