Siku Ngeleja Aliposimamisha Msafara

Ngeleja alihamia Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, mwaka ambao malisho ya kwao Shinyanga yaligeuka vumbi. Alikuja na mke mmoja, ng'ombe tisa na upinde. Upinde ulikuwa wa ujanani, enzi za sungusungu, siku ambazo kijiji kikiibiwa ng'ombe vijana walifuata nyayo siku mbili, hata tatu, wakilala porini. Waliporudi, watu wote walitoka njiani. Wakirudi na ng'ombe, palikuwa na vigelegele. Wakirudi mikono mitupu, palikuwa kimya, lakini watu walitoka vilevile, na kila mama alimpa mwanawe maziwa kabla hajaketi. Hakuna aliyeachwa apite kama msafiri asiyejulikana. Huko Biharamulo upinde uliliwa na mchwa. Desturi hiyo ilibaki kifuani mwake.

Mwanawe wa pekee, Wiston, alipitia JKT akawa askari, na mwaka jana alipelekwa Kongo pamoja na majeshi ya nchi za kusini kupambana na waasi. Siku ya kuagana baba alimuuliza, "Huko Kongo wamewaibia nini?"

"Hawajatuibia kitu, Baba. Tunakwenda kulinda amani."

"Amani ya nani?"

Wiston alicheka. "Baba na sungusungu yako!"

Januari mji wa Goma ulianguka mikononi mwa waasi. Wiston alipiga simu mara moja tu. "Tuko kambini, Baba. Hatutoki mpaka wao waturuhusu." Ngeleja aliuliza ni wao gani, simu ikakatika. Februari ikapita, Machi ikapita. Kila asubuhi Recho, mkewe, alipiga namba ile ile, akasikiliza yule dada wa kwenye simu akimwambia namba haipatikani, akairudisha simu mfukoni polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Habari zilimfikia Ngeleja sokoni, kwenye meza ya ndizi ya Bonifasia, Mhangaza wa Ntobeye aliyeolewa huku. Mwalimu mstaafu Celestini alikuwa pale na simu yake kubwa.

"Mwanao anarudi, mzee," alisema. "Wakubwa wamekaa, wamezungumza. Wengine wako Doha, wengine Washington. Wamarekani wanayataka yale madini ya simu na betri, na Wachina walishawatangulia. Sasa kila mtu anataka vita ipoe ili achimbe."

"Mwanangu anarudi kwa njia gani?"

"Wanapitishwa Rwanda, wanavuka mpaka wa Rusumo, wanakwenda Chato. Watapita hapa hapa, mbele ya ndizi za Bonifasia."

Bonifasia aliacha kupanga ndizi. "Rwanda? Si ndio wanaolaumiwa kwamba walikuwa upande wa waasi?"

"Ndio hao."

"Yaani uliyekwenda kupambana naye ndiye anayekufungulia mlango, tena anakushikia na taa? Mwalimu, hiyo ni vita au harusi?"

Watu walicheka. Ngeleja hakucheka. Aliuliza neno moja tu: "Watasimama?"

"Hawasimami, mzee. Msafara wa jeshi hausimami."

Msafara wa kwanza ulipita mwanzoni mwa Mei. Ngeleja na Recho walisimama ukingoni tangu asubuhi, Recho na kibuyu cha maziwa mgando. Magari yalipita kwa kasi, mizigo imefunikwa maturubai, nyuso hazionekani vizuri kwa vumbi. Recho alipunga mkono kwa kila gari. Lilipopita la mwisho alisema, "Labda alikuwemo," na sauti yake ikamuumiza mumewe kuliko miezi yote ya kusubiri.

Siku iliyofuata, siku ya msafara wa pili, Ngeleja alitoka na ng'ombe wake wote kumi na wanne. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa ameona kwamba kipo kitu kimoja kinachosimamisha kila gari katika barabara ile, liwe lori la Burundi, basi au gari la mkubwa wa wilaya. Kitu hicho ni ng'ombe wanaovuka. Aliposikia king'ora upande wa Rusumo, alipiga mluzi, akawaingiza barabarani.

Gari la polisi lilifunga breki. "Mzee, una wazimu? Ondoa ng'ombe!"

"Wanavuka, afande. Ng'ombe hajui msafara."

Akawaacha palepale kwenye lami, akatembea kandokando ya magari akiita, "Wiston! Wiston Ngeleja wa Nyakahura!" Kwenye lori la kwanza askari walitazamana wakasemezana kwa lugha asiyoijua. La pili hivyo hivyo. Kwenye la tatu aliona bendera ya nyumbani, na askari mmoja aliyegeuzia uso upande wa pili, kofia imeshushwa hadi machoni. Lakini sikio lilikuwa wazi. Lilikuwa na pengo juu, mahali pembe ya ng'ombe ilipolichana mtoto akiwa na miaka sita.

"Wiston. Mama yako yuko hapo ng'ambo. Ana maziwa."

Yule askari hakugeuka. Mwenzake alimgusa kwa kiwiko. Mikono ya Wiston ilikuwa mapajani, mitupu.

"Mwanangu, shuka unywe. Hata kama hamkurudi na kitu."

Hapo Wiston alisema bila kutazama chini, "Mzee, ondoa ng'ombe. Unatuchelewesha."

Tangu ajue kusema, Wiston hakuwahi kumwita mzee. Ngeleja alirudi mbele kwa ng'ombe wake. Akainua fimbo, akapiga mluzi, ng'ombe wakavuka, injini zikanguruma.

Recho alimjia mbio, maziwa yakimwagika mkononi. "Yumo?"

"Yumo. Mzima."

"Amesemaje?"

"Amesema tuondoe ng'ombe."

Recho aliketi chini kwenye majani ya ukingoni, kibuyu mapajani.

Mwishoni mwa Juni Celestini alimwonyesha Ngeleja picha kwenye simu. Mkataba wa Kongo na Rwanda ulikuwa umetiwa saini Washington, mawaziri wamevaa suti, wanashikana mikono. Ngeleja aliitazama muda mrefu, akitafuta uso ambao ungekuwa na aibu kidogo. Akamrudishia mwalimu simu yake.

Jioni ile Wiston alipiga. Yuko kambini kwake, alimwambia mama yake, anakula vizuri, mvua huko imekatika. Kisha akasema, "Mama, nipe Baba."

Recho alimnyooshea mumewe simu. Ngeleja alikuwa ameketi pembeni yake kabisa, magoti yao yakikaribia kugusana. Aliitazama ile simu, akatikisa kichwa.

"Mwambie yule mzee yuko machungani."