Tuliogelea Tukiimba

Juzi niliwapeleka wanangu wawili ufukweni, pale penye hoteli. Wakavalishwa majaketi okozi ya rangi ya chungwa, na kijana mwenye filimbi akasimama kuwaangalia. Mambo safi kabisa. Lakini walipoingia majini wakanyamaza, na moyo ukaanza kunienda mbio bila sababu, mpaka nikaikumbuka sababu yenyewe.

Sisi, ndugu yangu, hatukuruhusiwa kunyamaza. Kila Jumamosi bibi alitushusha ziwani kutoka mtaani kwetu Mkolani, mimi, kaka yangu na mdogo wetu wa kike, kila mmoja na beseni la nguo kichwani. Yeye alifulia juu ya jiwe lililokaa vibaya, kwa hiyo muda wote alikuwa ametupa kisogo. Sisi tuliogelea na madumu matupu ya mafuta ya kula, yamefungwa kifuani kwa kanga kuukuu. Kwenye matete ilikuwa marufuku. Huko kuna mamba, alisema bibi, na mamba hana adabu.

Sharti kubwa lilikuwa kuimba. Yeye anaanzisha huku anasugua mashuka, sisi tunaitikia. "Nikisikia mnaimba, najua mnapumua." Tuliimba za shule, za kwaya, hata tangazo la sabuni la redioni. Watu waliokuwa wakianika dagaa pale mchangani walitucheka sana, nami nikaapa kwamba nikikua nitaogelea kimya kama watu wa maana.

Siku moja kizibo cha dumu la mdogo wangu kikalegea, maji yakaingia. Mimi na kaka tulikuwa tunashindana kupayuka, hatukuona kitu. Bibi akaukata wimbo katikati.

"Sauti ya mdogo wenu siisikii."

Tulipogeuka, mtoto alikuwa anapapasa maji, kidevu kinazama, hatoi hata neno. Bibi aliingia na gauni lake mpaka kifuani, mkono mmoja umeng'ang'ania jiwe, akamrushia ncha ya shuka lililolowa. "Shika, mama. Shika tu, usiachie." Akamvuta taratibu mpaka nchi kavu. Mdogo wangu akatapika maji, akalia, kisha akaomba kiazi. Tulimpa viazi vyote tulivyobeba vya mchana, na karanga juu.

"Bibi, mbona hukuogelea kumfuata?" nikauliza.

Akaendelea kukamua gauni. "Niogelee kwa lipi? Mimi sijui kuogelea."

Kumbe miaka yote ile alitulinda kwa masikio tu. Nilijua safari zetu za ziwani zimekwisha, na wiki nzima sikuwa na raha. Jumamosi ikafika, akatushusha vilevile, akakaza vizibo kwa meno, halafu akajifunga dumu kubwa kuliko yetu. "Haya, walimu. Nifundisheni." Alirusha miguu, akameza maji, akatukana kwa Kihaya, na wimbo hakuuacha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini masikio yetu yalikuwa kwake.

Leo jiwe lile limezungushiwa ukuta wa nyumba ya mtu, na bibi hayupo tena. Juzi nilimkumbuka sana. Basi nikasimama pale ufukweni, mbele ya wageni na soda zao, nikaanzisha lile tangazo la sabuni, wanalolijua kwa kunisikia nyumbani, kwa nguvu zangu zote. Mwanangu mdogo akaitikia papo hapo. Mkubwa aliona aibu, akageukia pembeni, nami nikarudia mstari nikimngoja. Mwishowe naye akaitikia, na hapo ndipo nilipoweza kukaa chini.