Injinia alivyosaga rangi ya kung'aa mpaka ikawa giza

Niaje wakuu. Nitawapa vile ilikuwa, bila chumvi. Hata mahali nilikuwa mjinga nitasema.

Mimi ni mchoraji wa signboard hapa Machakos. Shule moja ya wasichana upande wa Mitaboni iliniita nichore mishale bwenini kwa ile rangi ya kung'aa gizani, ndio stima ikipotea ama moto ukizuka, watoto waone mlango. Hiyo si mapambo.

Shule ikaleta jamaa wa kusimamia. Anajiita Injinia. Suti, kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumuona akiandika.

Akashika unga wangu wa rangi, akasema punje ni kubwa, za kizamani. Siku hizi dunia ni nano, yaani punje ndogo hata jicho halizioni. Ukimuuliza saa, atakujibu nano.

Nikamwambia, "Injinia, huu unga nimeutumia hivi hivi na unang'aa."

"Wewe chora. Sayansi niachie."

Nikanyamaza. Ujinga wangu ni hapo.

Akausaga kwa mashine siku tatu, ukawa laini kama poda ya mtoto. Nikapaka. Ukweli usemwe, ilipakika vizuri sana.

Siku ya kujaribu tukaziba madirisha na blanketi mchana, tukazima taa. Mishale ikatoa kamwanga ka kuhurumiwa, halafu kwisha.

Matron, mama wa makamo tunamuita Mwaitu, akauliza, "Injinia, sasa mlango uko wapi?"

Tukasikia pa! Injinia amejigonga kwa kitanda cha chuma.

Akasema unga wangu ni feki.

Madam wa fizikia wa hiyo shule, alikuwa amekuja kuona, akachukua kopo lenye mabaki ambayo hayajasagwa, akaliweka juani kidogo, akalirudisha ndani. Likawaka kijani mpaka tukaona uso wa Injinia.

Madam akatueleza. Kila punje ni fuwele iliyotiwa chembe chache za madini mengine, na hizo ndizo hutoa mwanga. Kwa ngozi ya punje, yaani pale juu nje, mwanga hupotea bure. Ukisaga, punje zinakuwa nyingi ndogo, ngozi inazidi na fuwele inaumia.

"Nano nzuri ziko," akasema, "lakini hutengenezwa na kufunikwa kwa ustadi. Hazitoki kwa kinu."

Nikakwangua kuta zote, nikapaka punje za kizamani. Mwaitu akazima taa, akatembea moja kwa moja mpaka mlangoni.

Funzo wakuu: ukijua kazi yako, usinyamazie suti. Watoto wangepapasa ukuta kwa sababu mimi niliona haya kubishana.

Na nyinyi mmeshapatana na injinia wa hivi? Wenye nano pia mje hapa mjitetee.